Mtoto, Wembe na Amana

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya kilio cha mtoto, na methali hizo hazipatani. Ya kwanza husema: mtoto akililia wembe, mpe. Ya pili husema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ya kwanza yamwachia mtoto afunzwe na jeraha lake; ya pili yamtaka mzazi ayavumilie machozi ya leo ili ayaepuke machozi ya kesho. Watu wengi huzitumia zote mbili kwa siku moja, wala hawaoni kuwa wamejikanusha. Insha hii yakusudia kutafuta ipi ishike mahali gani, katika jambo lililo dogo machoni na kubwa katika matokeo yake: chakula cha mtoto mdogo, na mwendo wa mwili wake kabla hajaanza shule.

Tuanze na wembe. Methali yake ina hekima, kwani wembe ni mwalimu mwaminifu. Hukata papo hapo, hukata kidole kile kile kilichoushika, na maumivu yake hayana fumbo juu ya chanzo chake. Lakini si kila kikatacho hukata namna hiyo. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo gramu 30, yaani vijiko vidogo 7. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari itiwayo katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kwa chakula chake cha siku. Kwa mtoto wa miaka 4, chupa ile moja hukaribia kuumaliza mpaka huo. Naye ainywapo hapati jeraha, hupata furaha. Meno huoza polepole, uzito hujilimbikiza mwaka hata mwaka, na ugonjwa wa kisukari au wa moyo, ukija, huja wakati mkono uliompa chupa umekwisha zeeka au umekwisha zikwa. Wembe huu hukata lakini haufunzi. Basi methali ya kwanza haina nguvu hapa, maana sharti lake ni kwamba jeraha liwe fundisho.

Sisemi haya kama mtu aliyesimama juu ya wenzake. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 4, nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari. Kila alipokuja mezani pangu kunivuta mkono nilimpa biskuti nikamwashia televisheni. Alinyamaza, nami nikaudhani ukimya ule kuwa ni malezi mema. Majirani walimsifu kwa unene wake, kwa kuwa kwetu unene wa mtoto ni cheti cha uwezo wa babake, nami sikuichukia sifa hiyo. Siku moja mama yangu alikuja kututembelea. Alimtazama mjukuu wake akitafuna tangu asubuhi hata alasiri, kisha akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hana njaa. Ana upweke."

Nikamjibu, "Mama, mbona ana kila kitu humu ndani?"

Akasema, "Naam, ana kila kitu, ila wewe na uwanja."

Sikuwa na la kusema. Rafu zangu zilijaa vitabu juu ya utu na ulezi, na mwanangu hakuweza kukimbia kutoka mlangoni petu hata kwenye mwembe wa jirani bila ya kutweta.

Neno lililonisaidia kufikiri baada ya siku ile ni neno la kale: amana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake. Hakuishia katika ibada na adabu. Aliitaja tamaa ya chakula kuwa ndiyo ya kwanza kumtawala mtoto, akataka afundishwe kula bila pupa. Alitaka pia atembee na kuuzoeza mwili wake mchana ili uvivu usimshinde, na akaonya kwamba kumnyima mtoto mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake.

Amana, kama tujuavyo, ina mwenyewe. Mtu wa dini atasema mwenyewe ni Mungu. Lakini hata asiyetaka kuingia kwa mlango huo aweza kuuliza: mwili huu mdogo ni wa nani? Si wa babake. Wala si wa mtoto wa leo peke yake, asiyejua bado kesho ni nini. Ni wa mtu wa miaka 40 ambaye hajafika, naye ndiye atakayeutumia kwa muda mrefu. Mzazi basi ni mtunzaji wa mali ya mtu aliye safarini. Kumfurahisha mtoto wa leo kwa kumwibia msafiri huyo ni hiana, ijapokuwa hiana hiyo hutendwa kwa tabasamu na kupokewa kwa shangwe.

Walakini hoja hii ikiachwa peke yake yaweza kuwa jeuri. Msomaji ana haki ya kupinga kwamba mtoto si ghala la kumhifadhia mtu mzima. Utoto una thamani yake, na mlezi anayeitazama kesho tu aweza kuifanya leo kuwa jela. Pingamizi hili ni la kweli. Jambo la kushukuru ni kwamba katika mchezo, haki ya mtoto wa leo na haki ya mtu wa kesho hukutana. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alisema kwamba watoto wa miaka 3 hata 6 wanahitaji michezo, na kwamba wakikusanyika huivumbua wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 awe katika mwendo kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na katika hizo 60 ziwe za mwendo wa nguvu. Tena asikae mbele ya kioo cha televisheni au simu zaidi ya saa moja. Dakika 180 ni nyingi kwa mtu mzima azihesabuye. Mtoto aliyeingia katika kombolela, rede au kuruka kamba hazihesabu. Hakimbii ili moyo wake uwe na afya; hukimbia kwa sababu anafukuzwa. Siku tutakapomwambia kwamba mchezo ni dawa, tutakuwa tumeuharibu mchezo, na dawa pia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Twawezaje kujadili soda na biskuti katika nchi ambayo watoto wengine hukosa uji? Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, na 4 wana uzito uliopita kiasi. Mambo haya mawili yaonekana kama mahasimu, lakini yaweza kuwa ndugu. Kudumaa kuna sababu nyingi, na maradhi ya mara kwa mara ni mojawapo. Lakini sahani iliyojaa wanga na sukari, isiyo na dagaa, kunde, mchicha wala tunda, yaweza kumdumaza mtoto mmoja na kumnenepesha mwingine. Shibe na lishe ni maneno mawili, wala moja si dhamana ya jingine.

Mama aondokaye alfajiri kwenda kuuza vitumbua, akamwachia mwanawe sarafu ya kununua pipi, hastahili mahubiri yangu. Amana haikuwekwa kwake peke yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeutaja mchezo pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu katika haki za mtoto. Ikiwa mchezo ni haki, basi kiwanja ni deni. Wenye kudaiwa deni hilo ni wale wapimao mitaa bila ya kuacha mahali pa watoto, na wale wajengao shule ya watoto wadogo yenye madarasa mengi na isiyo na ua. Kadhalika ni sisi sote tupitao kila siku mbele ya kibanda cha peremende kilicho mlangoni pa shule hiyo, tukakiona kuwa ni kitu cha kawaida.

Imebaki namna ya kuitunza amana hii, kwani mtunzaji aweza kukosa kwa ukali kama awezavyo kukosa kwa ulegevu. Mtoto anayelazimishwa kumaliza sahani hufunzwa kutoisikiliza shibe yake. Mtoto anayepewa pipi kwa kuwa amekula mchicha hufunzwa kwamba mchicha ni adhabu na pipi ni ushindi. Mgawanyo wa haki ni kwamba mzazi achague kitakachoandaliwa na saa yake, na mtoto aachiwe kujua kiasi cha kula. Aristotle alifundisha kwamba tabia njema huzaliwa na mazoea, na kwamba si jambo dogo mtu kuzoezwa hivi au vile tangu utotoni. Nami naongeza kwamba mazoea hufuata macho kabla ya kufuata masikio. Baba anywaye soda huku akimwamuru mwanawe anywe maji hufundisha masomo mawili, na mwana hushika lile aliloliona.

Sasa twaweza kuzirudia methali zetu. Methali ya wembe ishike uwanjani. Huko mtoto na apande, aruke, aanguke, kwani majeraha ya huko ni madogo na hufunza papo hapo. Methali ya kilio ishike mezani, ambako jeraha ni kubwa na huja likiwa limechelewa mno kuwa somo. Sisi aghalabu tumezigeuza: mezani tunampa mtoto kila alililialo, na uwanjani tunamzuia asichafuke.

Nilipoanza kumtoa mwanangu jioni alilia siku tatu akizidai biskuti zake. Siku ya nne alianguka akikimbilia mpira, akachubuka goti, akaja kunionyesha damu kwa fahari kubwa. Tasnifu yangu ilichelewa miezi kadhaa. Hata leo hapana aliyepata kuniuliza sababu yake.