Dhamana Inayouzwa

 

Ndugu zetu, wengi wenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mlitutumia michango yenu tulipowaomba mtusaidie kununua gari la duru yetu hapa Nakuru. Gari lilinunuliwa. Likawachukua waalimu wa madrasa kila Jumamosi kutoka Bondeni kwenda Gilgil, Naivasha na Molo, na likawapeleka wagonjwa hospitali usiku. Kisha katika muda wa miezi mitano siku zake za kulala gereji zikapita siku zake za kutembea. Mali ile ilikuwa amana, na mwenye amana huulizwa. Kwa hivyo twaona ni wajibu wetu kuwapeni hisabu yake, ijapokuwa yamo ndani yake yatakayotufedhehesha sisi, na yamo yatakayowachoma baadhi yenu.

Gari tulilinunua Mombasa, katika yadi ya Mwislamu mwenzetu, kwa shilingi 1,150,000. Lilikuwa gari la abiria wanane lililotumika Japani. Tulilijaribu kwa kulizungusha Nyali na kurudi, likaenda kama maji mtungini. Na kwa nini lisiende? Njia ya Nyali ni sawasawa kama kiganja. Mwenye yadi alitwambia kwamba gari ni zima, halina lo lote. Papo hapo, kabla wino wa hati haujakauka, akatutolea karatasi ya pili: dhamana ya nyongeza ya miezi 12 kwa shilingi 48,000, ili tusiwe na hofu injini ikiharibika. Tukalipa. Wala hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza: ikiwa gari ni zima, hofu hii unayotuuzia dawa yake umeitoa wapi?

Tulipofika Nairobi na kuanza kupanda kwenda Limuru, ambako ni juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi. Tukasimama, tukatia maji, tukaendelea. Nakuru fundi wa kwanza akasema gasketi ya hedi imeungua, akatoza shilingi 41,500. Wiki tatu baadaye maji yalikuwa yameingia katika oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi wa pili alifungua rejeta na kutuonyesha tope la kijivu lililoziba vijia vyake. Ni ule unga wa kuzibia matundu. Hutiwa katika maji ya rejeta, ukipata moto huvimba ukaziba tundu, na gari likaonekana zima kwa siku chache. Kisha unga huo huo huziba na njia nyembamba za maji, injini ikakosa kupoa, na hedi, ambayo ni ya aluminiamu, hupinda kwa joto. Hedi yetu ilikuwa imekwisha kupinda. Kuisawazisha, kununua rejeta nyingine, gasketi tena na ujira wa kazi: shilingi 96,000. Tukajumlisha, tukaona gari limetufika shilingi 1,335,500.

Tukapeleka dhamana yetu kudai. Tukajibiwa kwa barua yenye adabu kwamba karatasi haiingii katika uharibifu uliotokana na kuchemka, wala katika gasketi, wala katika gari lililotiwa oili kwa fundi asiyekuwa wao. Fundi wao yuko Mombasa, nasi tuko Nakuru, mwendo wa kilomita zaidi ya 600. Tulipoisoma karatasi kwa utulivu, tukaona kila neno walilolijibu limo, kwa herufi ndogo, na sahihi zetu ziko chini yake.

Khabari ya Bwana Mtume (s.a.w.) katika soko la Madina tunaijua sote, wala hapana khatibu wa pwani asiyepata kuitaja. Alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umaji. Akamuuliza mwenyewe. Akajibiwa kwamba ni mvua iliyokipata. Basi akamwuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakakiona, akasema kwamba mwenye kughushi hatokani naye. Tuangalie vizuri: yule muuzaji hakutia maji yeye. Mvua ilikuwa ya Mwenyezi Mungu. Kosa lake lilikuwa kuweka kikavu juu. Je, vipi mwenye kutia unga kwa mkono wake?

Na iko khabari nyingine isiyosomwa sana katika mimbari zetu, imepokewa katika Musnadi ya Imam Ahmad. Mtu mmoja alinunua ngamia, akatoka naye. Sahaba Wathila bin Al-Asqaa akamfuata mbio huku akiburura nguo yake, akamuuliza kama amebainishiwa yaliyomo katika mnyama yule. Mnunuzi akastaajabu, kwani ngamia alikuwa mnene na afya yake yaonekana. Wathila akamuuliza tena: amtakia nyama au safari? Akasema amtaka ampande kwenda hija. Hapo Wathila akamjulisha kwamba ngamia ana tundu katika wayo wake. Muuzaji akanung'unika kwamba anaharibiwa biashara yake, naye akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume: si halali kuuza kitu bila ya kubainisha yaliyomo, wala si halali kwa mwenye kuyajua kunyamaza. Basi hukumu hii imemfika na yule mpita njia, na dalali, na fundi wa yadi aliyeutia unga kwa amri ya tajiri wake, na kijana aliyetushikia funguo akatabasamu.

Kasoro ya kitu katika fiqhi huitwa aibu. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo, tukaliondoa katika bidhaa tukaliweka katika nyuso za watu. Zamani pengine ilikuwa sawa, kwa kuwa aibu ya bidhaa ilikuwa ni aibu ya muuzaji. Leo bidhaa ina aibu yake na muuzaji hana yake.

Sasa twaja kwenye lile tulilokusudia khasa. Katika madhehebu yetu ya Kishafii mnunuzi akikuta aibu ya zamani iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari ya kurudisha kitu na kupewa fedha zake. Haki hii hainunuliwi, haina ada, haina herufi ndogo. Imezaliwa pamoja na mauzo yenyewe. Hata muuzaji akishurutisha kwamba anauza kitu kama kilivyo na kwamba hahusiki na kasoro yo yote, kama ilivyopigwa chapa chini ya risiti za yadi nyingi, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho babu zetu wamekisomesha pwani nzima, kwamba sharti hilo humponya muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, wala halimponyi kwa nyingine. Wamemkhusu mnyama kwa kuwa hali yake hubadilika na maradhi yake hufichika. Gari si mnyama, na unga haujitii wenyewe katika rejeta.

Ikiwa ni hivyo, basi yule aliyetuuzia dhamana kwa shilingi 48,000 ametuuzia nini? Kwa yale yaliyokuwa yameharibika tangu siku ya mauzo, ametuuzia deni lililokuwa juu ya shingo yake. Ni kama mtu anayedaiwa akamtoza mdai wake ada ili amlipe, kisha asimlipe. Na hata sheria ya nchi haikumwachia: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zilizo na ubora wa kuridhisha. Twastahi kuona kwamba kifungu kilichoandikwa na watu wa kila dini kimemkumbusha Mwislamu wa yadi jambo alilosomeshwa chuoni na umri wake ni miaka kumi.

Hatusemi kwamba dhamana zote ni batili. Chombo huchakaa, na uchakavu utakaotokea baada ya mauzo si deni la muuzaji. Mtu akitaka kujilinda na huo iko njia. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jidda mwezi wa Disemba mwaka 1985 liliharimisha bima ya biashara yenye ada maalumu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, likaelekeza kwenye bima ya ushirika ambamo watu huchangiana na kusaidiana. Kenya shirika la takaful limekuwako tangu mwaka 2011. Na baraza hilo hilo lilipokutana Bahrain mwaka 1998 liliutazama mkataba wa kutengeneza na kuangalia vyombo, likaukubali iwapo kazi ijulikane na ujira ujulikane. Tazameni sharti lenyewe: kujulikana. Karatasi yetu ilikuwa na ujira unaojulikana hata senti, na kazi isiyojulikana ila kwa yule atakayeikataa.

Tumesikia watu wakisema, "Wabaya ni mafundi." Neno hili limekuwa jepesi mno vinywani. Fundi wa Nakuru hufanya kazi juani, katika mji ambao jina lake lasemwa kutoka katika Kimasai kwa maana ya mahali pa vumbi, bila kitabu cha gari wala mashine ya kulipima, na gari lenyewe huletwa baada ya kupita mikono mitatu. Nasi humjia na spea tuliyoinunua kwa urahisi wake, tukapunguza ujira wake mpaka ukakaribia nauli, kisha tukamlipa nusu na kumwambia aje baada ya Ijumaa. Bwana Mtume ameamrisha mwenye kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Yako majasho yaliyokauka Nakuru tangu mwaka jana, na wenye kudaiwa husimama safu ya mbele.

Lakini fundi naye asikilize. Fundi wetu wa kwanza alituandikia gasketi mpya ya asili, na fundi wa pili akaitoa mbele ya macho yetu ikiwa imetumika zamani na kupakwa gundi. Tena tulijulishwa kwamba alikuwa na fungu lake katika duka la spea, juu ya bei tuliyolipa. Mwenye kutumwa kununua ni wakili, na kila punguzo alilolipata ni la aliyemtuma, isipokuwa kwa ridhaa yake. Jina lake hatulitaji, naye aijua nafsi yake. Ama kutozwa fundi kilichoharibika mikononi mwake, maulamaa wamekhitilafiana. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kwamba aliwatoza mafundi kwa kuwa watu hawatengenei ila kwa hilo. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, hatozwi ila akivuka mpaka au akizembea. Kutia kikuukuu na kukiita kipya ni kuvuka mpaka, wala halihitaji mufti.

Na sisi je? Tumeahidi kutojificha. Khiyari ya aibu hutakiwa itumiwe mara tu mtu anapoijua. Mwenye kuendelea kukitumia kitu amekiridhia. Fundi wa pili alipotuonyesha lile tope, ilitupasa siku ile ile kusimamisha gari na kumjulisha muuzaji. Tulifanya nini? Tuliona haya kumgombana Mwislamu, tukasema tulitengeneze kwanza na kulitembeza, maneno yaje baadaye. Tena hedi ilipinda gari likiwa mikononi mwetu, nayo ni aibu mpya, na aibu mpya humzuia mnunuzi kumrudishia muuzaji kwa nguvu. Hubaki kudai arshi, yaani fidia ya upungufu. Haya yetu ya uwongo imewagharimu nyinyi mliochanga.

Mwezi uliopita baada ya sala ya isha tulikaa kushauriana. Gari lilikuwa likienda, lakini gari lililopinda hedi halina ahadi. Mmoja akasema liuzwe upesi katika mnada maadamu linanguruma vizuri, na hati iandikwe kwamba lauzwa kama lilivyo, kwani ndivyo soko lilivyo na ndivyo tulivyotendwa. Hapakuwa na aliyemjibu kwa muda. Twakiri kwamba kimya kile kilikuwa kirefu, na kwamba baadhi yetu tulikuwa tukipiga hisabu vichwani. Kisha mzee mmoja, mwenye mchango mkubwa kuliko wetu sote, akaomba karatasi.

Tukaandika: hedi ilipinda ikasawazishwa, gasketi imebadilishwa mara mbili, rejeta si ya asili, injini imechemka Limuru na mara nyingine mbili. Tukaibandika karatasi hiyo katika kioo cha mbele. Wanunuzi wanne waliisoma wakaenda zao. Wa tano, mtu wa Molo anayechukua viazi, si Mwislamu, aliisoma mara mbili, akatuuliza kama tuna akili timamu, kisha akaleta fundi wake akalitazama. Gari kama lile likiwa zima lilikuwa likifika shilingi 1,000,000 hapa Nakuru wakati ule. Alitoa 870,000, tukapokea.

Fedha hizo ziko benki kwa jina la duru, na hati zake ziko wazi kwa kila aliyechanga. Waalimu wanakwenda Gilgil kwa matatu. Nakala ya ile karatasi ya kioo tumempelekea aliyetuuzia gari Mombasa, pamoja na dai la arshi ya shilingi 96,000 na picha ya lile tope. Mpaka tunapoandika haya, hajatujibu.