Ujasiri wa Fundi

Katika masomo ya sanaa huulizwa mara nyingi: fundi wa kazi za mikono hupata wapi msukumo wa kufanya kazi yake? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza husema kwamba fundi amezaliwa na kipaji, na kwamba kipaji hicho humjia kama vile pepo ampandavyo mtu. La pili, ambalo hutolewa zaidi na watu wa mjini, husema kwamba fundi husukumwa na njaa. Angalikuwa na mshahara, angaliitupa tezo yake siku hiyo hiyo. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote yanamdhalilisha fundi kwa namna moja: yanamnyang'anya uamuzi. Aliyepandwa na pepo hana hiari, na mwenye njaa vilevile hana hiari. Sisi tunataka kuuliza juu ya kile ambacho fundi hukichagua mwenyewe, kila kunapopambazuka, akiwa na akili zake timamu. Hicho ndicho tunachokiita ujasiri.

Yafaa kwanza tuitazame lugha yetu. Neno sanaa tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kazi ya kutengeneza kitu kwa ustadi. Wazee wa pwani hawakumtenga mchonga milango na mshona kofia, wala mshona kofia na muunda majahazi. Wote walikuwa mafundi, na kila mmoja alipimwa kwa kazi iliyotoka mkononi mwake. Neno fundi lenyewe lina undugu na kufunda na kufundisha. Siku hizi, hata hivyo, neno usanii limepata maana nyingine mitaani, maana ya ujanja na udanganyifu: mtu akiahidi asitimize, huambiwa anafanya usanii. Wapo wanaolicheka jambo hili. Sisi tunaliona kuwa ni onyo, na tutalirudia hapo mbele.

Tuanze na huo msukumo. Mwanamke wa pwani asukaye mkeka hangojei msukumo. Huchukua miyaa iliyokwisha kukaushwa, kuchanwa na kutiwa rangi, akasuka ukili barazani huku akizungumza na jirani na kumtuliza mtoto. Ukili huongezeka pima kwa pima, ukakunjwa na kuwekwa kando hadi utoshe kushonwa mkeka. Nakshi haikuchorwa popote. Imo katika hesabu ya vidole: miyaa mingapi ipite juu, mingapi ipite chini, na wapi rangi ibadilike. Vidole vikiisha kuizoea hesabu hiyo, akili hupata nafasi ya kutembea, na hapo ndipo wazo la nakshi mpya huja, katikati ya maneno ya bei ya samaki na habari za harusi. Mkono hutangulia, wazo likafuata. Mwanafunzi akaaye mbele ya karatasi tupu akingojea wazo limshukie, hali kalamu imelala mezani, ataingoja saa hiyo mpaka kengele ilie.

Mchongaji wa mpingo hujifunza jambo hilo kwa njia ngumu zaidi. Mpingo ni mti mgumu mno, na mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Hukua polepole, huweza kupita miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kwa mbao. Nje una tabaka jepesi la rangi ya manjano, na ndani una kiini cheusi chenye dalili ya zambarau. Aghalabu shina lake limepinda, lina mifereji na matundu, na ufa uliojificha hauonekani mpaka tezo imeufikia. Mchongaji aliyekusudia kumchonga mzee aliyesimama wima hukuta ufa penye bega. Afanyeje? Alichokwisha kukata hakirudi. Ama atalitupa gogo lililomgharimu fedha, ama ataliondoa bega lile, amwinamishe mzee wake, amtwike mzigo; na huenda mzee huyu aliyeinama akawa na uhai kuliko yule aliyekusudiwa. Uamuzi huo hufanywa juani, bila shahidi, mara nyingi kwa mwezi. Hakuna atakayeutungia wimbo.

Miongoni mwa Wamakonde husimuliwa habari ya Samaki Likankoa, ambaye jina lake huhusishwa na kuanza kwa vinyago vya shetani mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Masimulizi yana sura zaidi ya moja. Moja husema kwamba sanamu yake ya mtu ilivunjika mkono ikiwa njiani kwenda kuuzwa, na badala ya kuitupa akaiendeleza ikawa kiumbe cha ajabu, mwenye jicho moja na viungo visivyolingana. Iwe ilitukia hivyo hasa au la, wachongaji wenyewe wameihifadhi hadithi hii na kuirithisha, nasi tunadhani wameihifadhi kwa sababu wanajitambua ndani yake. Wangaliweza kusimulia kwamba shetani alimtokea mtu ndotoni, jambo ambalo lingependeza zaidi masikioni mwa wageni. Wakachagua kusimulia juu ya mkono uliovunjika.

Hali kadhalika Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji waliosomea. Alichukua vipande vya hadibodi vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kwa 60, vilivyokuwa vikitumika katika ujenzi, na rangi ya mafuta iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Kwa vitu hivyo vya dukani alichora chui, ndege na tembo. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa mhalifu, hali amechora kwa miaka minne tu. Jamaa zake aliokuwa akiwafundisha waliendelea na kazi, na mtindo ule hata leo huitwa kwa jina lake. George Lilanga naye, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, ambaye michoro na vinyago vyake vilikuja kuonyeshwa Ulaya na Marekani, aliingia Nyumba ya Sanaa akiwa mlinzi. Tunawataja watu hawa kwa sababu mwanafunzi hudhani kwamba ujasiri hungojea vifaa kamili.

Lakini bado hatujafika penye ugumu wenyewe. Mwenye kuvumilia ufa wa gogo na uhaba wa rangi anapambana na vitu, na vitu havidanganyi. Ugumu mkubwa zaidi hutokana na mnunuzi.

Wamakonde, pande zote mbili za mto Ruvuma, walichonga tangu zamani vinyago vya kuvaliwa usoni viitwavyo mapiko, kwa ajili ya ngoma za jando na unyago. Hivyo vilichongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji alipaswa kucheza navyo kichwani. Aliyekitazama kinyago alikuwa mwanakijiji. Kikiwa kibovu, watu walijua usiku ule ule, na mchongaji aliishi nao kesho yake. Watazameni pia wanawake wa Kikisi, huko Ikombe na Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambao hufinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi sokoni. Umbo la chungu halibadiliki sana kutoka kwa mama hata kwa binti, wala hakuna amlaumuye mfinyanzi kwa kurudia. Chungu kikipasuka motoni, mnunuzi hurudi siku ya soko inayofuata akiwa na vigae mkononi. Vigae hivyo ndivyo vilivyoulinda ufundi wa Wakisi kwa vizazi, kuliko hotuba yoyote.

Mnunuzi wa kinyago cha mpingo katika vibanda vya Mwenge ni mtu wa namna nyingine. Hununua saa nne, hupanda ndege saa kumi, na harudi. Kama mti aliouziwa ni mpingo au ni mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi ya viatu, atajua akiwa mbali, pengine asijue kamwe. Vigae havitarudi sokoni. Na hapa ndipo neno usanii lilipoanza kuoza, kwa fikira zetu: pale fundi na mnunuzi walipoacha kuwa majirani.

Basi twauliza swali la maadili waziwazi. Je, fundi ana wajibu kwa mtu ambaye hatamwona tena? Watu wengi hulaumu kwamba wachongaji wetu wanarudia twiga yule yule na Mmasai yule yule, na huona kwamba hilo ndilo lililoua sanaa. Sisi hatukubaliani nao. Kurudia hakumshushi fundi. Mfinyanzi hurudia, msuka mkeka hurudia, na mkulima hulima shamba lile lile. Twiga wa mia mbili aliyechongwa kwa mpingo wa kweli, akapigwa msasa hata chini ya kwato ambako hakuna atazamaye, ni kazi ya heshima. Kosa huanza pale mkono unapojifunza kuacha sehemu isiyoonekana. Mtu akiizoea tabia hiyo kwa mgeni, ataipeleka na kwa jirani, maana mkono ni ule ule.

Itasemwa, na ni haki isemwe, kwamba maneno haya ni mepesi kwa mwenye mshahara. Mchongaji ana kodi ya chumba na karo ya mtoto. Mpingo ni ghali, na jirani yake wa kibanda cha pili anauza mti wa rangi kwa nusu ya bei. Hatuwezi kumtaka awe mtakatifu. Tunachoweza kusema ni kwamba wapo, na si wachache, wanaoikwangua sanamu kidogo kwa kisu mbele ya mnunuzi ili aone rangi ya ndani, hali wangaliweza kunyamaza. Wapo pia wanaochonga twiga siku tano za juma na siku ya sita wakashika gogo ambalo hakuna aliyeliagiza, wakalichonga kwa miezi: mlolongo wa watu waliobebana kutoka chini hadi juu, babu, mama, watoto, kila mmoja akimshika mwenzake, ambao wengi huuita ujamaa. Gogo hilo huenda likakaa kibandani mwaka mzima bila kuuzwa. Aliyelichonga alijua hivyo alipolianza.

Na tusimtwishe fundi peke yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni akitaka tujivunie vilivyo vyetu, na mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ikataka kazi ya mkono iheshimiwe shuleni. Lakini nyumbani mwetu, walimu tukiwa miongoni, ni chungu gani cha mfinyanzi, ni mkeka gani wa ukili, ni kinyago gani kilichonunuliwa kwa fedha yetu wenyewe? Tumemwachia mgeni awe mnunuzi pekee, kisha tunamlaumu fundi kwa kumchongea mgeni. Shule nyingi huwapeleka wanafunzi makumbusho. Ni chache ziwapelekazo kukaa siku nzima kibandani pa mchongaji, waone ufa unavyokutwa na jinsi unavyoamuliwa. Tena kuna walimu wanaomwambia kijana aliyeshindwa hesabu kwamba akajaribu ufundi, kana kwamba ukili hausukwi kwa hesabu.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni mti wenyewe. Mpingo hukatwa kwa vinyago na kwa zumari za bendi za Ulaya, na sehemu nyingi za nchi umeadimika. Huko Moshi, kuanzia mwaka 1996, marehemu Sebastian Chuwa alijishughulisha kuotesha miche ya mpingo na kuipanda pamoja na wanafunzi na wanavijiji. Aliijua vema hesabu ya miaka ya mti huo, naye alifariki mwaka 2014. Miche ya mwanzo bado ni miti myembamba, na mchongaji wa kuitia tezo huenda hajazaliwa.