Dawa za Nguvu za Kiume: Haya na Haki

Katika maradhi yote yamsibuyo mwanamume, yako mamoja asiyoweza kuyataja hata kwa nduguye wa tumbo moja. Homa ataisema, sukari ataisema, presha ataisema barazani mbele ya watu. Lakini akipungukiwa na nguvu za kiume hunyamaza kama aliyetenda dhambi. Leo twataka kuuliza: je, mtu huyu akinywa dawa, ametenda la aibu? Na akikataa kujitibu, je, hana lawama?

Kwanza yatupasa kuijua dawa yenyewe. Wataalamu wa kampuni ya Pfizer, mjini Sandwich, Uingereza, walikuwa wakiijaribu sildenafil kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Katika kuijaribu ndipo walipoona athari yake nyingine, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikairuhusu kwa maradhi haya. Mwaka 2003 zikafuata huko vardenafil na tadalafil. Kazi ya dawa hizi si uchawi. Mwanamume aingiwapo na matamanio, mwili hutoa kitu cha kuilegeza mishipa ili damu iingie kwa wingi. Kisha kiko kimeng'enya kinachokivunja kitu hicho. Dawa hukizuia kimeng'enya hicho, damu ikapata kukaa. Basi pasipo matamanio dawa haifanyi kitu. Haizalishi mapenzi, huufungua tu mlango uliokwama.

Wako wasemao kwamba huku ni kushindana na kadari. Hoja hiyo haisimami. Avaaye miwani hashindani na kadari, na Mtume (S.A.W.) alituamuru tujitibu. Wala Sharia haikulifanya jambo hili kuwa la kuchekwa. Mafakihi wamelieleza katika milango ya ndoa: mke akishitaki kwa kadhi kuwa mumewe hawezi, na jambo likathibiti, mume hupewa muhula wa mwaka mmoja. Kwa nini mwaka? Ili misimu yote minne impitie, kwani huenda udhaifu wake watokana na joto au baridi, ukaondoka kwa kugeuka majira. Tazama uadilifu huu: mke ana haki, na mume ana nafasi ya kupona. Muhula haukuwekwa ili mtu akae akiona haya.

Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, mume akiwa amekwisha kumwingilia mkewe katika ndoa hiyo, hata mara moja, mke hana tena dai hilo mbele ya kadhi. Lakini kuondoka dai si kuondoka wajibu wa kukaa naye kwa wema. Na wema gani huu wa mtu amwachaye mkewe miaka akidhani amechukiwa, naye ajua kuwa kasoro ni yake? Wengine huzidi wakamtia mke lawama, au wakaoa mke wa pili ili wajithibitishie uanaume, wakawa wamedhulumu wawili badala ya mmoja.

Tena aibu hii huua. Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Mishipa ya kiungo hiki ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo ikianza kuziba, mara nyingi huonekana hapa kabla ya kuonekana kule. Udhaifu huu huweza kuwa mjumbe wa sukari, wa presha, au wa tumbaku iliyovutwa miaka mingi. Amfukuzaye mjumbe hajaifukuza khabari.

Hata hivyo, hatusemi kila mtu akimbilie kidonge. Atumiaye dawa za moyo za jamii ya nitrati akichanganya na hizi, damu yake huweza kushuka ghafla akafa. Na mwenye kusimamikwa zaidi ya saa nne hana budi kwenda hospitali, asije akaharibika. Wala asidanganyike mtu na vifurushi viuzwavyo kwa jina la mizizi: wakaguzi wa Marekani wamekuta mara nyingi vimetiwa sildenafil kwa siri, mnunuzi asijue amekunywa nini wala kiasi gani. Amma kijana mzima anywaye ili ajivunie kwa wenzake, huyo hatibu maradhi, bali aununua uwongo; na huenda kesho asijiamini bila ya kidonge.

Basi hukumu twaionayo ni hii. Haya ni pambo la Muislamu maadamu yamzuia na maovu. Yakimzuia na haki ya mwenziwe na uzima wake, hayo si haya tena, ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya. Mwenye udhaifu huu na aseme na watu wawili: mkewe, kwa kuwa ni mwenye haki, na daktari, kwa kuwa ni mwenye ujuzi. Wengine wote hawana lao hapo, na siri yake ni amana. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kuitimiza haki hata pale inapotutia joto usoni.