Rangi ya Jiko na Kiini Chake

Jiko la kauri la Kenya, yaani jiko la makaa lenye ganda la bati lililobanwa kiunoni na udongo uliochomwa ndani yake, lilienea tangu miaka ya 1980, na mara nyingi hupakwa rangi ambayo hubabuka kwa joto. Kwa kuwa udongo hupasuka ukabadilishwa, na rangi hufuata mtindo wa wakati, mkusanyaji wa majiko ya zamani hukabiliwa na swali la kifalsafa: ni kipi hasa kinachohifadhiwa? Katika vijiji ambako mafiga, yaani mawe matatu ya kutelekea chungu, hayana rangi ila masizi, jibu hudhihirika: rangi ni vazi tu, bali kiini cha jiko ni moto uliolisha watu, na masizi ndiyo ushahidi wake.