Kamari Yenye Kibali



Tusomapo Mithali 13:11 twafundishwa ya kwamba mali ipatikanayo bure haikai, lakini ikusanywayo kidogo kidogo kwa kazi huongezeka.

Wako washarika watuulizao: Je! kamari ina ubaya gani, ikiwa serikali imeiruhusu? Ni kweli, Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, ikaweka na Bodi ya kutoa leseni. Kenya ilikwisha kutunga sheria yake mwaka 1966. Aliye chini ya miaka 18 hukatazwa kucheza, na kodi hutozwa. Sisi twaiheshimu serikali. Lakini kodi hiyo yatoka wapi? Hazina hupata fungu lake, mwenye mchezo hupata lake, na mafungu yote mawili yametoka katika fedha walizopoteza watu.

Tena mwenye mchezo hategemei bahati, hutegemea hesabu. Hupanga malipo yake hata, wakicheza wengi, fedha zinazobaki kwake zimtoshe na kuzidi. Mmoja akishinda, hutangazwa, walioshindwa hunyamaza. Zamani mtu alikwenda kwa miguu mahali pa kamari. Siku hizi imo ndani ya simu yake, papo hapo anapoweka fedha zake.

Vijana huiita hati yao ya kubashiri mkeka, nao wakishindwa husema mkeka umechanika. Wamesema kweli kuliko wajuavyo, maana uliochanika ni mkeka wa nyumbani: ada ya mtoto, mbegu za shamba, posho ya chakula. Kisha huja deni, na nyuma ya deni huja uongo, hata mume na mke hawaaminiani tena.

Ndugu, tutazame msalabani. Askari walilipigia kura vazi la Bwana, na juu yao Yeye alikuwa akiutoa uhai wake. Wale walitafuta faida katika hasara ya mwingine. Yeye aliichukua hasara ili sisi tupate uzima. Je! tumfuate nani?

Basi aliyenaswa tusimcheke. Wazee wa usharika wamwendee nyumbani kwake, wamsaidie kuungama kwa mkewe na kupanga kulipa madeni. Na mwenye shamba au karakana amwite kijana asiye na kazi, apate kuchuma kwa mikono yake na kumgawia mhitaji, kama Paulo alivyowaagiza Waefeso.

Bwana atuokoe na tamaa. Amina.