Meno ya watoto wetu nayo ni amana



Ndugu Waislamu, kabla sijamnyooshea mtu kidole, nianze na nafsi yangu. Kwa miaka kadhaa hapa Soweto, Mbeya, mwanafunzi wangu wa madrasa akihifadhi sura nilimzawadia pipi. Siku moja mtoto wa miaka sita akashindwa kusoma. Shavu limevimba, jino limeoza. Mimi niliyemfundisha Sunna ya mswaki ndiye niliyekuwa namlisha sukari!

Mama yake amehamia hapa kutoka Rukwa, hana bibi wala shangazi wa kumwelekeza. Aliyemsaidia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Dada yule aliketi mkekani, hakukemea, akauliza tu: mdogo wake analala na nini? Kumbe na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Akaeleza kuwa vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayolika jino, na usiku mate ya kuisafisha hupungua. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, na akitimiza miaka mitatu, kiasi cha njegere. Mzazi asimwachie mtoto kazi hiyo mpaka afike miaka saba hivi.

Wapo wasemao meno ya utotoni yatang'oka tu. Magego yake hukaa hadi miaka kumi na zaidi! Wengine, mtoto akiharisha, humpeleka kung'olewa "meno ya plastiki". Hayo ni machipukizi ya meno halisi, na watoto wamekufa kwa kuvuja damu na maambukizi.

Mtume (SAW) alisema lau si kuhofia kuutia umma wake uzito, angeamrisha mswaki kwa kila swala. Hata katika maradhi yake ya mwisho, Bi Aisha (RA) alimlainishia mswaki akautumia. Sisi tunausoma kwenye fiqhi ya udhu, kisha tunawaacha watoto na biskuti.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu hawa. Maimamu, wapeni nusu saa na akina mama baada ya darsa, hasa wale wageni mtaani wasiojua pa kuuliza.

Madrasani kwangu, anayehifadhi sura sasa anapata kalamu. Wawili wamelalamika.

Wabillahi tawfiq.