Kinga Yako Isiwe Dhara kwa Mwenzio

Ndugu zetu wasomaji, mas'ala tunayotaka kuyatazama leo ni haya: mtu akikitumia kitu kwa ajili ya kuihifadhi nafsi yake na nafsi za wenziwe, kisha alipokwisha haja nacho akakitupa, kikaenda kudhuru viumbe wengine, je, ile nia yake njema ya kwanza yamtosha kuwa ni udhuru? Au jukumu lake lamfuata mpaka mwisho wa kitu kile?

Pengine patakuwa na mtu atakayesema kuwa suali hili ni la wenye nafasi ya kukaa na kufikiri mambo yasiyo na faida. Sivyo. Ni suali lililopita mbele ya milango yetu, likaingia katika mifereji yetu, likatoka pwani. Na sisi tukalitazama lapita. Twakusudia barakoa, glavu za mpira, na vifaa vyote vya kujikingia maradhi vinavyotumiwa mara moja vikatupwa.

Wote twakumbuka yaliyotufika. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Mwezi wa Aprili ikaamrishwa kila mtu avae barakoa mbele za watu, na Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hatoki mtu wala haingii. Misikiti nayo ilifungwa. Ilipofunguliwa mwezi wa Julai, waliruhusiwa watu mia tu kwa muda wa saa moja, kila mtu na msala wake na barakoa yake. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya watu wakawahimiza kuvaa, na hatujuti. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na aliyezuia maradhi yasimfike jirani yake alifanya jambo la kheri.

Lakini siku moja ya mvua za vuli tulitoka msikitini baada ya sala ya alasiri, tukasimama barazani kungoja mvua ipungue. Mbele yetu maji yalikuwa yakienda kwa kasi katika mfereji, na juu ya maji barakoa zilikuwa zikielea, moja baada ya moja. Mfereji ule twaujua tangu utotoni, nao waishia baharini. Tukakumbuka kuwa katika mawaidha yetu yote tulisema "vaeni", wala hatukusema hata mara moja kuwa zikisha kuvaliwa ziende wapi. Basi katika haya tutakayoyasema, lawama ya kwanza twaipokea sisi wenyewe.

Kwanza yatupasa kujua kitu hiki ni kitu gani. Watu wengi walidhani barakoa zile za buluu ni za karatasi au pamba. Sizo. Nguo yake imefanywa kwa nyuzi nyembamba za plastiki iitwayo polipropilini, tabaka tatu, nyuzi za tabaka la kati zikiwa nyembamba zaidi ili zizuie vijidudu. Plastiki hii ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo huelea na kuchukuliwa na mkondo. Haiozi kama jani la mnazi au kamba ya usumba. Jua huichoma na mawimbi huipasua, ikawa vipande, na vipande vikawa nyuzi zisizoonekana kwa jicho. Lakini kutoonekana si kutoweka.

Ama wingi wake, jumuiya moja ya Hong Kong iitwayo OceansAsia ilikisia mwishoni mwa mwaka 2020 kuwa katika barakoa bilioni 52 zilizotengenezwa mwaka ule, kiasi cha bilioni moja na milioni 560 zingeingia baharini. Hayo ni makisio, tena waliyafanya kwa kuchukulia kuwa katika kila barakoa mia ni tatu tu zinazopotea. Mwaka 2021 wataalamu wengine walikisia kuwa plastiki iliyoingia baharini duniani kwa sababu ya maradhi yale imezidi tani 25,000. Na mwezi wa Septemba 2020, katika pwani ya Brazil, alionekana ndege wa baharini aitwaye pengwini amekufa, na ndani ya tumbo lake mna barakoa nzima. Huku kwetu, wavuvi wa Watamu na Lamu hawana haja ya kuambiwa na mtu wa mbali. Wanamjua kasa anayemeza plastiki kwa kudhani kuwa ni konyeza, kisha akashindwa kuzama akafa njaa.

Baada ya kuyajua haya, turejee katika suali letu.

Wanazuoni wa fiqhi wametuwekea kanuni ambazo kila mwanafunzi wa chuoni huzisoma. Moja ni kuwa dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Mwenye njaa hana ruhusa ya kumnyang'anya chakula mwenye njaa mwenziwe. Ya pili ni kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kilichoruhusiwa kwa ajili ya haja huruhusiwa mpaka pale haja inapokwisha, wala hakiendelei zaidi ya hapo. Sasa, haja ya barakoa ilikuwa wakati ipo usoni. Ilipovuliwa, haja ilikwisha, na udhuru ulikwisha pamoja nayo. Kilichobaki mkononi si kinga tena. Ni taka, na tena ni taka iliyobeba pumzi ya mtu ambaye huenda ni mgonjwa. Kuitupa njiani ni kitendo kingine kipya, chenye hukumu yake mbali, wala hakiingii katika thawabu ya kitendo cha kwanza. Na sote tulifundishwa tungali watoto kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi mwenye kuutia udhia njiani atajihesabu yuko tawi gani?

Twajua kuwa ziko hoja ambazo watu huzitoa, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni ya wale wasemao kuwa bahari haichafuki. Wao hutegemea ile Hadithi mashuhuri ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, akajibu kuwa maji yake ni tahiri na mfu wake ni halali. Hadithi ni sahihi na hukumu yake ni kweli. Lakini walioulizwa habari ya tohara wasigeuzwe kuwa wamejibu habari ya madhara. Tohara ni jambo moja na usalama ni jambo jingine. Sumu yaweza kuwa tahiri, ukasali nayo mfukoni na sala yako ikasihi, na ukiinywa ukafa. Barakoa haiyanajisi maji ya bahari, hilo twakubali. Lakini yamwua kasa, yaingia tumboni mwa samaki, na samaki yuaingia jikoni mwetu. Tena Hadithi ile ile yatuambia kuwa bahari ni chakula chetu. Ni mtu gani mwenye akili atakayetupa taka ndani ya chungu chake kwa hoja ya kuwa maji ya kupikia ni tahiri? Na Sura ya Rum, katika aya yake ya 41, imetaja bayana ufisadi unaodhihiri barani na baharini, na ikauhusisha na yaliyochumwa na mikono ya watu. Lau bahari haiwezi kuharibika, isingetajwa.

Hoja ya pili ni ya yule asemaye, "Yangu ni moja tu, ina uzito wa gramu tatu au nne, yaweza kufanya nini?" Huyu twamjibu kwa maneno ya wazee wetu: haba na haba hujaza kibaba. Bahari haikuletewa shehena moja ya barakoa na meli moja. Imeletewa na watu wengi sana, kila mmoja akisema kuwa yake ni moja tu. Na mizani ya Akhera, kama tunavyoamini, hupima hata uzito wa chembe. Gramu tatu si ndogo kwake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Wasema: kuzoa taka ni kazi ya serikali, na wachafuzi wakubwa ni mahospitali na viwanda, si mtu wa mtaani. Nasi twasema kuwa katika maneno haya mna kweli, na kweli haikatazwi kusemwa. Wataalamu wale wa mwaka 2021 waliona kuwa karibu robo tatu ya plastiki ile iliyoingia baharini ilitoka katika taka za hospitali. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi wa Februari 2022 kuwa katika kila vituo vya afya kumi duniani, vitatu havina uwezo wa kuziangamiza taka zao ipasavyo, na katika nchi maskini zaidi ni sita katika kumi. Shirika hilo lilisema pia kuwa glavu hazihitajiwi katika kudunga chanjo, na juu ya hivyo zilikuwa zikivaliwa na kutupwa. Na sisi watu wa Mombasa tuliliona kwa macho yetu jaa la Kibarani, ambalo kwa miaka mingi takataka za mji zilirundikwa ukingoni mwa maji kabla ya kufungwa. Mwananchi aliyetia taka yake kapuni kwa adabu, kisha kapu likamwagwa kando ya bahari, hakukosa yeye. Amekosa aliyepewa amana ya kulichukua, naye ataulizwa juu ya amana yake.

Walakini kosa la mkubwa halimvui mdogo jukumu lake. Jambo hili ni katika fardhi kifaya: wakilitekeleza wanaotosha, wengine wamesalimika, wakiliacha wote, wote wana dhambi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye kalamu ataulizwa juu ya kalamu, mwenye hospitali juu ya hospitali, na mwenye mkono juu ya kile alichokiachia mkono wake.

Na ajabu ni kuwa suali letu lote limekwisha kujibiwa katika Hadithi ya watu wa jahazi, aliyoipokea Bukhari kwa An-Nuuman bin Bashir. Watu wa Pwani huisikia mara nyingi, lakini ni wachache wanaolizingatia jambo moja lililomo. Wale waliokaa chini walitaka kulitoboa jahazi kwa sababu gani? Si kwa uadui. Walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wanawaudhi wa juu, ndipo wakataka kutoboa fungu lao wasimuudhi mtu. Nia yao ilikuwa njema! Lakini maji hayaulizi nia ya aliyetoboa. Lau wa juu wangewaacha, wangaliangamia wote. Na wakiwashika mikono, huokoka wote. Basi nia njema humpa mtu thawabu ya alichokinuia, wala haizibi tundu alilolitoboa. Na wa juu nao hawakuambiwa wakae wawalaani wenzao; waliambiwa wawashike mikono.

Basi tufanye nini, ilhali siku za amri zimepita tangu Machi 2022, na wengi wetu hatuvai tena? Tusidhani mambo yamekwisha. Zile za mwaka 2020 zingali zamo baharini na katika mizizi ya mikoko, na maradhi mengine yatakuja, kwani hiyo ni desturi ya dunia. Hospitali, maabara na maduka ya dawa hazijaacha kutumia vitu hivi.

Kwa maoni yetu, asiyekuwa mgonjwa wala muuguzi, inapombidi kujifunika, naavae barakoa ya nguo. Mafundi wetu wa cherehani walizishona kwa wingi mwaka ule, nayo hufuliwa kila siku kwa sabuni na maji ya moto ikavaliwa tena. Wanaohitaji zile za kutupwa wasinyimwe, kwani hiyo ndiyo dharura yenyewe. Lakini wakishazivua wakate kamba zake, zisimnase ndege miguu, kisha wazitie katika kapu lenye kifuniko. Kila msikiti uweke kapu kama hilo penye viatu, na apatikane mtu wa kuliangalia. Maimamu wanapotaja kujikinga, wataje na kutupa; tusirudie kosa letu. Na wenye sauti katika baraza za serikali waulize kwa adabu na bila ya kuchoka: taka za hospitali zetu zaenda wapi?

Wala hili si jambo lisilowezekana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Wengi walisema biashara itakufa, na leo watu wanakwenda sokoni na vikapu kama walivyokwenda nyanya zetu. Na mafundi wa Lamu, mwaka 2018, walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki zilizookotwa, na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Unguja. Twawashukuru. Lakini mafundi wote wa Lamu hawawezi kuunda vyombo vya kutosha kuyamaliza yale tunayoyatupa. Dawa ni kuuzuia mkono.

Wazee wetu walisema kuwa bahari iliko ndiko mito iendako, na siku ile ya mvua tuliyaona maneno haya kwa macho. Tulivaa barakoa kwa kuchelea tusije tukawa sababu ya mauti ya jirani. Kasa na samaki, na mtoto wa mvuvi anayengojea kitoweo cha jioni, nao ni jirani zetu. Yule tuliyemhurumia kwa kuvaa, tumhurumie na kwa kuvua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokinyamazia, na atujaalie tuwe wenye kuzuia dhara kwa dhahiri na kwa siri. Amin.